Barua Isiyo na Muhuri

Barua ya kwanza niliyopata kuandika ili watu wawili waoane ilirudishwa kwangu baada ya siku moja, kwa sababu haikuwa na muhuri. Naliungama jambo hili mapema, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa kufundisha lugha za kale na historia ya Kanisa la mwanzo, na asubuhi ileile nilipoiandika barua hiyo nilikuwa nimemaliza kurasa tatu, zenye tanbihi za kutosha, kuhusu pete za muhuri katika dola ya Kirumi.

Nilikuwa nyumbani Njiro, kwenye meza ya chakula ambayo tangu nistaafu haijaliwa chakula, nikiandika kitabu kidogo cha Kiswahili kwa ajili ya wainjilisti: ulimwengu ambamo Kanisa lilizaliwa ulikuwaje, watu wake walisafirije, walikula nini, waliandikianaje. Siku hiyo, Jumanne, nilikuwa katika sura ya barua. Akaingia fundi wangu wa cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye chumba cha kazi kule Themi, amebeba mapazia yangu begani kama mtu aliyeyaokoa kwenye nyumba inayoungua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Yaweke popote, ila si juu ya Warumi."

Akayatandaza juu ya kiti, akazitazama karatasi zangu.

"Bado uko kwenye barua?"

"Bado."

"Kwani hao watu waliandikiana sana?"

"Sana. Hasa barua za kumtambulisha mtu. Ukienda mji usiokujua, unabeba barua kutoka kwa mtu anayekujua kwenda kwa mtu anayemjua yeye. 'Mletaji wa barua hii ni rafiki yangu, mpokee kama unavyonipokea mimi.' Wakristo wa kwanza waliirithi desturi hiyo, wakaitumia bandari hadi bandari."

"Basi niandikie moja," alisema. "Ya Kilutheri."

Habari za mchumba wake nilizijua. Usharika mzima ulizijua. Alikuwa dereva mstaafu wa malori ya safari ndefu, aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, mtu mchangamfu aliyempelekea fundi suruali moja kufupishwa mara tatu, hadi ikawa haina tena cha kufupishwa na ikambidi aseme neno. Wakakubaliana. Lakini mwanawe wa kiume, anayeishi Mwanza, alikuwa amekwisha kutoa tamko lake: baba akiwa bado peke yake ifikapo Jumatano ya Majivu, yeye angekuja na gari, apakie vitu vya mzee na mzee mwenyewe, wahamie Mwanza. Na kwetu, Kwaresima ikishaanza, ndoa hazifungwi mpaka Pasaka ipite. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, kisha hufungwa Jumamosi. Fundi alizihesabu mbele yangu kwa vidole vyenye alama za sindano: tangazo la kwanza lilipaswa kusomwa Jumapili ileile iliyokuwa inakuja, la sivyo hakuna.

Kikwazo kilikuwa kitabu cha usharika. Kwa miaka kumi na mmoja fundi alikuwa amesali nasi. Kila Jumapili kwaya husimama ikiwa imevaa majoho yaliyoshonwa na mikono yake. Kitabuni, hata hivyo, hayumo, kwa maana hakuwahi kuleta barua ya uhamisho kutoka usharika alikopata kipaimara, kule upande wa magharibi wa Mlima Meru. Kila mwaka alikusudia, na kila mwaka sare za shule zilimzuia. Sasa alikuwa amekwenda kuiomba, akakuta kitabu cha mwaka wake kimeliwa na mchwa, kimebaki jalada. Jamaa zake, ambao walikuwa wahamiaji kutoka Upareni, walikwisha kurudi Same zamani. Mchungaji wa kule, kijana mwenye mwaka wa pili tu katika kituo hicho, alimwambia kwa upole kwamba hawezi kuandika kuwa anamjua mtu asiyemjua.

"Wewe unanijua," fundi aliniambia.

Nilimjua. Niliandika basi, na sitajidai kwamba sikujivunia. Nilianza na salamu, nikafuata na sifa za mletaji, kisha ombi, kisha dua, kwa utaratibu uleule ambao mwandishi wa Korintho au Efeso angeutambua. Nilishuhudia kwamba vipimo vyake ni vya kweli na neno lake ni la kweli. Jumatano nikaipeleka.

Alhamisi asubuhi karani wa usharika alifika mlangoni kwangu yeye mwenyewe. Ni mzee wa kanisa aliyestaafu ukarani wa mahakama, na bado hutembea kana kwamba amebeba jalada la kesi kwapani.

"Mwalimu, barua nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, ili mke wangu asikie."

"Asante, mzee."

"Alitokwa na machozi."

"Asante sana."

"Haina muhuri."

Nilimweleza kwamba mimi ni mtu binafsi, si ofisi, na kwamba muhuri sina. Akatoa daftari mfukoni.

"Hapa nimeandika maneno yako mwenyewe, ulipotufundisha sisi wazee wa kanisa mwezi uliopita. 'Mrumi mwenye heshima zake hakuiachia barua itoke nyumbani mpaka ameigonga pete.' Ni wewe uliyesema, au ni mwingine?"

"Ni mimi."

"Basi mimi nawafuata Warumi. Naihitaji barua ya usharika wake, yenye muhuri wa usharika wake, Jumamosi kabla ya saa tisa alasiri. Saa kumi natoa nakala za matangazo."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa kuwa historia ilikuwa upande wake. Ukarimu wa makanisa ya mwanzo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba uliwavuta pia wavivu na matapeli, waliokwenda mji hadi mji wakijiita ndugu. Ndiyo maana mapema sana yakawekwa masharti kuhusu siku ambazo mgeni angelishwa bila kufanya kazi. Nina hakika kila kanisa la nyumbani, kuanzia Antiokia hadi Rumi, lilikuwa na mzee wake mmoja mlangoni, mwenye daftari.

Ijumaa tukaenda mlimani watu watatu: mimi, fundi, na bwana harusi kwenye usukani wa gari lake dogo, ambalo aliliendesha kana kwamba lina tela nyuma, akichukua kona kwa mzunguko mpana wa kutisha. Tulipoipita Ngaramtoni na kuiacha lami, makorongo ya mvua yakaanza kuturusha.

"Mwalimu," aliniuliza kupitia kioo, "hao Warumi wako, barabara zao zilikuwaje?"

"Za mawe, zimenyooka. Nyingine zipo mpaka leo."

"Mpaka leo? Nani alikuwa mkandarasi?"

"Nyingi zilijengwa na askari."

"Ndiyo maana! Askari haombi tenda." Akakwepa shimo moja, akaingia jingine. "Na mizani walikuwa nayo?"

Nilimjibu kwa uangalifu kwamba sheria zinazoweka kikomo cha mzigo kwa magari ya dola tunazo, ila ni za karne za baadaye, si za wakati wa mitume.

"Nilijua," alisema kwa uchungu wa mtu aliyelala foleni za mizani miaka arobaini. "Hakuna dola isiyo na mizani."

"Tazama mbele, baba," fundi alimwambia. "Utauoa ule mti badala yangu."

Mchungaji kijana alitupokea vizuri na kutukaribisha chai. Aliisoma barua yangu, ambayo niliibeba kama nyongeza, akaisifu pia. Nilikuwa naanza kuzichukia sifa za barua ile. Kisha akasema sharti lake: "Mniletee mtu mmoja tu, msharika wa hapa, anayekumbuka kwamba dada huyu alipata kipaimara kwetu. Akishuhudia mbele yangu, naandika na kugonga muhuri sasa hivi."

Waliobaki wa rika lake fundi hakuwatambua tena, na wao hawakumtambua. Aliyebaki alikuwa mwalimu wao wa kipaimara, mwinjilisti wa zamani, ambaye sasa ana miaka zaidi ya themanini na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Tukaenda kwake wote wanne kwa miguu, kati ya migomba na kahawa. Tulimkuta jikoni, ungo mapajani, akichagua mbegu za maharage kwa kuzipapasa.

"Takwenya!" alituita mimi na fundi kwa salamu ya Kimaa ya wanawake, aliposikia sauti zetu.

"Iko!" tulimwitikia, na fundi akaongeza shikamoo.

Mchungaji akamweleza tulichofuata. Mwinjilisti hakuacha kupapasa.

"Nimefundisha watoto wengi," alisema. "Wasichana wote walivaa magauni meupe. Nitamkumbukaje mmoja?"

Fundi akamtajia jina la baba yake. Hakulikumbuka. Akamtajia nyumba waliyoishi, chini ya kisima. Alizikumbuka nyumba tatu chini ya kisima, na watu wa zote tatu walikuwa wengine. Akamtajia wimbo walioimba siku ile. "Huo tuliuimba kila mwaka," alisema mzee, akalitupa harage bovu. Mchungaji alijikuna shingo. Niliitazama saa yangu bila kukusudia. Bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Nitajie swali moja," mwinjilisti alisema ghafla, kwa sauti ambayo bila shaka ilikuwa ya darasani. "Moja nililokuuliza wewe, si darasa."

Nilimwona fundi akiona haya, kama anavyoona haya binti wa miaka kumi na minne.

"Uliniuliza akida ni nani," alisema mwishowe.

Mkono wa mzee ukasimama juu ya ungo.

"Akida yupi?"

"Yule aliyemwendea Bwana kwa ajili ya mtumishi wake mgonjwa."

"Ukanijibu nini?"

"Mwinjilisti, darasa zima lilicheka."

"Nakuuliza ulinijibu nini."

"Nilijibu kwamba akida ni yule mtu aliyekuja Upareni kwa kodi, akachukua beberu wa babu."

"Na ukaendelea ukasema?"

"Nikasema kwamba Bwana alipaswa kumwambia kwanza akamrudishe beberu, ndipo amponye mtumishi."

Mzee akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Ni yeye!" alimwambia mchungaji. "Huyu! Aliyetaka kuuzuia muujiza kwa sababu ya mbuzi! Nilimtoa nje asimame mlangoni, kisha usiku sikulala. Nilikwenda kumwuliza mchungaji wa wakati ule, akaniambia nifundishe yaliyoandikwa. Nimekaa na swali la mtoto huyu mpaka nimezeeka." Akamgeuzia fundi macho yake yenye ukungu. "Na sasa umeshamsamehe?"

"Nani, akida?"

"Akida."

"Mwinjilisti," fundi alisema, "beberu yule alikuwa mkubwa."

Mchungaji alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Alisema kwamba tapeli anaweza kubuni jina, nyumba na hata wimbo, lakini jibu la namna hiyo hawezi kulibuni.

Hapo sina budi kueleza kilichonipata mimi. Mezani kwangu, katika sura ya jeshi, kulikuwa na tanbihi niliyoipenda kuliko nyingine zote. Ilisema kwamba akida tunayemsoma katika Biblia ya Kiswahili alikuwa mkuu wa kikosi kilichoitwa cha watu mia, ingawa kwa kawaida hawakuzidi themanini. Na ikamwonya msomaji asimchanganye mtu huyo na akida wa enzi ya Wajerumani, aliyezunguka vijijini kudai kodi. Kila neno la tanbihi hiyo ni sahihi. Hata hivyo, nikiwa nimesimama jikoni mwa mwinjilisti na maharage miguuni, nilitambua kwamba nilikuwa nimewafungia wasomaji wangu mlango ambao wafasiri wa zamani waliuacha wazi. Binti yule hakuwa amechanganya kitu. Watu wa Galilaya walizoea kuona punda akichukuliwa njiani kwa kazi ya dola, na mwenye punda akibebeshwa mzigo wa askari. Kwa usahihi wa historia, mkuu yule huenda alimtumikia mtawala mdogo wa Galilaya na si Rumi moja kwa moja. Hiyo ni tofauti ambayo niko tayari kuieleza kwa kurasa mbili, na ambayo beberu asingeitambua. Waliomwona akija kuomba msaada hawakujiuliza anaongoza askari wangapi. Walijiuliza kwa nini mtu kama huyu apewe chochote. Usipolisikia swali hilo, habari yote inakuwa ya mgonjwa aliyepona, basi. Nimesoma Kigiriki cha habari hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na swali lake sikuwahi kulisikia likiulizwa kwa uwazi kiasi hicho.

Ofisini, mchungaji aliandika barua ya mistari minne. Kisha akagonga muhuri, na karatasi ikabaki nyeupe: kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Akakitia matone ya maji, akagonga tena, ukatokea upande wa kushoto. Akagonga mara ya tatu, ukatokea upande wa kulia. Mara ya nne alitupa katikati, pamoja na sehemu ya kidole gumba chake.

Jumamosi saa nane na nusu karani aliinua barua hiyo dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Mihuri mitatu," alisema.

"Mitatu," nilikiri. Fundi alikuwa pembeni yangu, ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili.

"Hakuna hata mmoja uliokamilika." Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akatoa miwani ya pili, akaivaa juu ya ile ya kwanza. "Huu una neno 'Usharika'. Huu una jina la mahali. Huu una msalaba na kitu kama kidole." Akatafakari kwa muda ambao mahakamani ungetosha kusoma hukumu. "Nikiiunganisha yote, napata muhuri mmoja halali." Akaketi, akamwandika fundi kitabuni, akakausha wino kwa kuupuliza, na kumpa mkono. "Karibu usharikani, mama. Kola ya joho langu la mzee wa kanisa imeachia uzi."

Jioni ile niliifuta tanbihi yangu. Mahali pake niliandika swali la binti wa kipaimara, bila jina, nikawaachia wainjilisti walifundishe.

Jumapili karani alisoma matangazo. Alimsoma fundi kuwa msharika aliyepokewa kwa barua. Alimsoma bwana harusi kwa cheo cha "mzee" mbele ya jina, na neno "mgane" nyuma yake. Mwenye pingamizi, alisema, amwone ofisini baada ya ibada. Fundi, aliyekaa nami, alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu wimbo wa kwanza.

Baada ya ibada tulipita mbele ya ofisi. Kwenye benchi alikuwa ameketi mtu mmoja, kofia magotini: bwana harusi.

"Mzee," karani alikuwa akimwambia kutoka mlangoni, daftari likiwa wazi, "hapa wanakaa wenye pingamizi."

"Ndiyo. Ninalo."

Fundi aliushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikudhani mshona nguo anayo.

"Dhidi ya ndoa?" karani aliuliza, kalamu juu.

"Dhidi ya tangazo! Umenisoma 'mzee' mbele ya kwaya yote. Kama hiyo haikutosha, ukaongeza 'mgane'. Mwanamke wa watu anasikia. Mtu anayeoa haitwi mzee."

"Unataka usomweje?"

"Ndugu."

"Na mahali pa mgane?"

"Mchumba."

"Fomu haina mchumba."

"Baba," fundi alimwita, akiwa hajui acheke au alie, "inuka hapo. Unataka kuhamishiwa Mwanza?"

Aliinuka mara moja, lakini karani alikuwa amekwisha kuandika. Jumapili ya pili alisoma "ndugu", akatazama juu ya miwani, akaongeza "mchumba". Na majoho ya kwaya yakatikisika kwa kicheko kuanzia sauti ya kwanza hadi besi. Jumapili ya tatu hakuna aliyekwenda kukaa kwenye benchi lile. Walifunga ndoa Jumamosi, siku nne kabla ya Majivu. Mwanawe alifika kutoka Mwanza Ijumaa alasiri, akiwa na suti mbili kwenye hanga, ya kwake na ya baba yake, na bila gari la kuhamishia vitu.